Kunuka na Kunukia

Kichupa chenyewe hakikuzidi kidole changu cha gumba. Kilikuwa na kizibo cha shaba kilichoshika kijiti cha kioo, na ndani mlikuwa na nusu tola ya mafuta ya udi halisi, meusi, mazito, yasiyochanganywa na spiriti wala na mafuta mengine ya kudanganyia wateja. Tola ni kipimo cha wauza manukato, gramu kumi na kitu hivi, na kwa mafuta ya aina ile nusu yake ni mali ya kurithishana. Bibi yangu alinipa siku nilipopata barua ya kupangiwa kufundisha Baiolojia Kibondo. Wengine wote pale nyumbani Tanga walikuwa wameshaitafuta Kibondo kwenye simu, wakaona ni kule juu, jirani na Burundi, kwenye baridi, wakawa wananiletea masweta.

“Masweta utavaa,” Bibi alisema, “lakini haya ndiyo yatakayokukumbusha wewe ni nani.”

Mtu ambaye hajawahi kupaka udi halisi hudhani ni pafyumu. Pafyumu hukutangulia mlangoni, na kufika chai ya saa nne imeshakuaga. Udi hauna haraka. Unagusa kijiti nyuma ya sikio na kwenye mshipa wa mkono, basi, na dakika za mwanzo unajuta, maana unatoa harufu ya zizi na ngozi mbichi. Ukivumilia, zizi linaondoka, inakuja harufu ya mti uliolowa mvua, kisha moshi, kisha, jua likipanda na mwili ukapata joto, kitu kitamu kisicho na jina ambacho nakijua tangu nilipokuwa nabebwa mgongoni. Jioni ukivua nguo kipo. Kesho yake kipo kwenye mto. Ukifua foronya, kinabaki.

Nyumbani kwetu udi ulikuwa na heshima yake kama mtu mzima. Alhamisi jioni chetezo kilipita chumba kwa chumba, na Bibi aliamua nani kapaka mwingi na nani kapaka kidogo. Kaka yangu alipooa, mkewe alivumilia utaratibu huo miezi mitatu, kisha Alhamisi moja akakibeba chetezo na moto wake akakitoa nje bila kuomba ruhusa ya mtu. Sisi tuliokuwa sebuleni tuliganda. Bibi hakukasirika hata kidogo. Alicheka, akaagiza ndimu sokoni, na tangu siku ile udi haukuwashwa tena pale mpaka mtoto alipozaliwa. Hakuna aliyenieleza kwa nini. Nilikuwa na miaka kumi na tano na nilielewa mwenyewe.

Nimelieleza hilo mapema makusudi, ili ijulikane kwamba nilikuwa nalijua.

Bibi alikuwa mkali kwa kitu kingine pia, nacho ni lugha. Ukisema mbele yake kwamba fulani ananuka vizuri, utarudishwa mpaka unyooke. Choo kinanuka, alikuwa akisema, samaki aliyelala ananuka, lakini mtu aliyejipamba ananukia. Niliubeba ukali huo mpaka Kibondo, nikautua kwenye shule ya wasichana yenye mabweni manne na mikaratusi inayopiga mluzi upepo ukivuma, kati ya watoto ambao nyumbani wanazungumza Kiha na Kiswahili wamekutana nacho darasani. Ninaona haya kidogo nikikumbuka nilivyokuwa. Walinisalimia “Mwakeye, Madamu,” nami niliwajibu kwa “Marahaba” iliyonyooka kama rula.

Msichana ninayemsimulia hapa nilikutana naye wiki ya kwanza. Alikuwa kidato cha kwanza lakini mkubwa kuliko wenzake, maana kwao Kasanda alianza shule akiwa amechelewa, baada ya kulea wadogo zake. Aliniletea daftari lake mezani, akavuta pumzi, macho yakamng'aa.

“Madamu, unanuka,” alisema.

Nilijua ananisifu, uso wake ulikuwa unasema hivyo, lakini masikio yangu yalikuwa ya Bibi. Nilimsimamisha mbele ya wenzake na kumfundisha: kibaya kinanuka, kizuri kinanukia. Alirudia mara tatu. Hakukasirika. Aliyaandika kwenye jalada la ndani la daftari lake la Baiolojia, maneno mawili na mstari kati yake, na tangu siku hiyo sikumsikia akikosea. Baadaye ni yeye aliyekuwa akiwasahihisha wageni wa bwenini kwao, kwa sauti yangu hasa, mpaka wakampa jina la utani la Madamu Mdogo.

Nilimpenda. Mwalimu hatakiwi kusema hivyo, lakini nishalisema. Alikuwa na mkono wa kuchora. Ukimpa mbegu ya maharage iliyopasuliwa katikati, anakuchorea kiinitete chake kilivyojikunja, na mistari ya kuelekezea haipandani hata mmoja. Alitaka kuwa mkunga. Kijijini kwao, aliniambia, mkunga wa zahanati alikuwa mmoja, na mamake alimfuata kwa miguu akiwa na uchungu wa mtoto wa mwisho. Hesabu yake ilikuwa rahisi: afaulu mtihani wa kidato cha nne, apate chuo cha afya, arudi Kasanda awe wa pili. Miaka mitatu na nusu tuliisukuma hesabu hiyo pamoja, yeye na mimi, Jumamosi mpaka Jumamosi.

Mwezi wa saba wa mwaka wake wa mwisho, wiki ya pili baada ya likizo, tulikuwa maabara tunafanya mazoezi ya mtihani wa vitendo. Asubuhi za kiangazi kule ni za baridi, madirisha yalikuwa yamefungwa. Nilipita meza kwa meza. Nilipofika kwake niliinama juu ya bega lake kutazama mchoro, na mkono wangu ukatua kwenye karatasi yake, mshipa wenye mafuta ukiwa karibu na pua yake.

“Madamu,” alisema kwa sauti ndogo, bila kugeuka, “mafuta yako yananuka.”

“Yananukia,” nilimwambia. “Rudia.”

Hakurudia. Alisimama, akaziba mdomo kwa sweta, akakimbia nje. Tulimkuta kwenye bomba la kunawia, ametapika na kuanguka, magoti yamejaa vumbi jekundu. Nilipomkaribia kumwinua alinisukuma kwa mkono, akageuza uso na kutapika tena. Nilipomwachia matroni, alitulia. Wasichana thelathini walikuwa wamesimama pale wakitazama, na wote waliona vilevile: mwalimu akisogea, anaanguka, mwalimu akiondoka, anapona.

Kufika chakula cha mchana habari ilikuwa imekamilika. Nilikuwa na jini la pwani, nalilisha udi.

Nilikasirika kama sijawahi kukasirika. Ningeweza kusema niliwahurumia watoto wale kwa hofu yao, lakini ukweli ni kwamba nilikasirika. Nilivaa mtandio na kusali swala zangu pale karibu miaka minne bila neno, nikala nao ugali wa muhogo na maharage, nikawapeleka hospitali usiku na mchana, na leo nusu tola ya bibi yangu imenigeuza mfuga mashetani. Kilichonichoma zaidi ni kwamba sikuweza kukana kila kitu. Kwetu watu wanaofukizia majini udi wapo. Nyumba ya tatu kutoka kwa Bibi alikuwako mmoja, na foleni ya wateja wake ilifika barabarani.

Jumatatu iliyofuata nilikuwa mwalimu wa zamu. Nilipita mistari ya paredi kukagua sare, na sikuwa nimepaka chochote, naapa. Nilipofika mstari wa kidato cha nne nilimwona msichana wangu akijikaza, midomo imekauka, kisha akakunjika. Safari hii hakuanguka peke yake. Msichana wa nyuma yake alipiga ukelele, wa pembeni akafuata, na kabla kengele haijapigwa walikuwa watano chini, wanarusha miguu, mmoja anazungumza kitu ambacho wenzake waliapa ni Kiarabu. Mimi ninayejua Kiarabu cha sala nilisikia Kiha kilichovurugika. Lakini nani angeniuliza mimi.

Mkuu wa shule alikuwa mama wa makamo, Mkatoliki, mtaratibu, mtu wa Bukoba. Aliniita ofisini akaacha mlango wazi.

“Mwalimu, mimi siamini hayo mambo,” alisema. “Lakini watoto wanaanguka. Naomba uache hayo mafuta.”

“Nimeshaacha, Mama. Tangu Ijumaa.”

Alivuta hewa puani, polepole, kwa adabu. “Mbona bado?”

Hapo ndipo nilipoanza kushindwa. Yale mafuta hayakuwa juu yangu, yalikuwa ndani ya kila kitu changu. Yalikuwa kwenye mitandio, kwenye sweta, kwenye mkanda wa saa, kwenye ubao wa meza yangu pale ninapoegemeza mkono. Nilifua kwa sabuni ya mche, nikafua kwa magadi. Nilisugua mikono kwa ndimu na majivu mpaka ngozi ikapasuka. Mwalimu mwenzangu wa Jiografia, Mlutheri wa Iringa tuliyekuwa tukiishi naye nyumba moja, alinishauri mafuta ya taa. Nilijipaka mafuta ya taa. Jioni alininusa toka mlangoni, akakaa chini kwa kucheka.

“Sasa unanukia kama msikiti uliopata mgao wa petroli,” alisema.

Nilicheka naye, halafu nikalia, naye akaacha kucheka akanikandia unga wa chapati.

Madaftari ndiyo yalinimaliza. Ninaposahihisha, kiganja kinalala kwenye karatasi. Karibu miaka minne ya kulaza kiganja. Siku ya tatu matroni alinijia na daftari la Baiolojia akiwa amelishika kwa ncha za vidole. Msichana wangu alikuwa ameliweka chini ya mto ili ajisomee asubuhi, akaamka anatapika. Tangu wiki ile alikuwa hali vizuri, alisema matroni, anakula udongo wa kichuguu na maembe mabichi tu akiyapata, na analala mchana kama mgonjwa. Aliyasema haya yote mbele yangu, mwalimu wa Baiolojia, moja baada ya lingine. Mimi nilikuwa natazama daftari. Nilikuwa nafikiria namna ya kutoa harufu kwenye karatasi.

Alasiri hiyo nilichukua kichupa, nikatoka nacho mbele ya bweni lao ili waone, nikaenda kwenye vyoo vya shimo vya nyuma ya jiko, nikamimina. Nilidhani nafanya jambo kubwa. Yalishuka taratibu, uzi mweusi mmoja, mpaka kijiti kikabaki kikavu. Nilimwomba Bibi radhi kwa moyo. Nikarudi nikasema kwa sauti, “Yamekwisha. Hakuna tena.”

Kesho yake choo kilikuwa kinanukia. Sijui niseme nini zaidi. Choo cha shimo cha wasichana mia tatu kilitoa harufu ya sebule ya bi harusi, na hakuna aliyekubali kukiingia. Walikwenda vichakani wawili wawili wakishikana mikono. Mkuu wa shule alisimama nami pale nje, mikono nyuma.

“Mwalimu,” alisema, “naona sasa jini umelipatia nyumba.”

Ijumaa baba wa msichana wangu alikuja kumchukua. Alikuwa mtu mwembamba, koti lake la Jumapili limejaa vumbi la njia, na aliposhuka kwenye bodaboda alisalimia kila mtu mpaka mpishi. Mimi alinisalimia toka mbali, akiwa ameivua kofia na kuiegemeza puani kana kwamba anajifuta jasho. Sikumlaumu. Nilikaa upande ambao upepo ulikuwa haupeleki harufu kwake na kumsihi kwa sauti ya kupaza, mtu mzima, kama muuza magazeti.

“Baba, mtihani ni mwezi wa kumi na moja. Miezi mitatu tu. Niondoke mimi, nitaomba likizo, yeye abaki.”

“Mwalimu, mimi sikusemi vibaya,” alinijibu. “Umenifundishia mtoto. Lakini nimeongea na matroni, mtoto hali, mtoto hasinzii usiku. Akinifia hapa, mtihani nitaufanya mimi? Nimpeleke akaombewe kwanza. Akipona, atarudi.”

“Atarudi?”

“Ego,” alisema. Ndiyo. Alisema kwa kunihurumia.

Msichana wangu alikuwa amekaa juu ya sanduku lake la bati chini ya ukingo wa paa, sweta limefungwa vifungo vyote ingawa jua lilikuwa kali. Alikuwa amekonda usoni. Alinitazama, akanyanyuka, akapiga hatua mbili kuja kwangu.

“Madamu,” alisema.

Nikarudi nyuma. Niliinua mikono yote miwili kumzuia, nikarudi nyuma hatua tatu, nne, mpaka mgongo ukagusa tangi la maji. Nilikuwa namkinga. Nilikuwa nimejifunza wiki nzima kwamba mwili wangu unamdhuru, na pale nilitaka angalau safari ya kwenda Kasanda aifanye bila kutapika. Alisimama akingoja kidogo. Kisha akageuka, akasaidia kufunga sanduku kwenye pikipiki.

Nilipiga simu ya baba yake mara nyingi. Mara ya kwanza aliniambia ameombewa, ametulia. Mara ya pili, mwaka kesho. Baada ya hapo simu haikupatikana. Mkuu wa shule aliandika barua kwa mtendaji wa kata, na jibu lilikuja kwamba binti hayupo kijijini, ametumwa kwa shangazi yake. Siku ya mtihani wa Baiolojia namba yake ilikuwa imebandikwa kwenye dawati la tatu karibu na dirisha. Nilikuwa siruhusiwi kuingia chumba cha mtihani wa somo langu, kwa hiyo nililiona dawati kwa nje, kupitia kioo, likiwa na karatasi iliyofunikwa.

Nilijilaumu, lakini nilijilaumu vibaya. Nilijilaumu kwa kiburi cha kupaka vitu vya pwani mahali pa watu. Niliacha manukato kabisa, hata sabuni za kunukia. Bibi alipofariki, shangazi zangu walinipa kichupa kingine katika mirathi, nikakiacha Tanga kwenye kabati. Wanafunzi waliobaki walinizoea upya, choo kikarudia harufu yake ya haki, na mwaka wa pili nilipata uhamisho wa kwenda Kasulu. Niliondoka Kibondo nikiamini kwamba hofu ya watu wengine ndiyo iliyomwangusha yule mtoto, na kwamba mimi nilifanya yote niliyoweza.

Nilimwona sokoni Kasulu, siku ya Jumamosi asubuhi. Nilikuwa nimetumwa na tumbo langu kutafuta mawese mazuri, yale mekundu yasiyoungua, na mwanamke mmoja akaniambia upande wa pili kuna binti anapima vizuri. Alikuwa anamimina mafuta kwa faneli ndogo ndani ya chupa ya maji, kichwa amekiinamisha, na mtoto wa kiume wa miaka miwili hivi amemshika kanga kwa nyuma. Nilimtambua kwa mkono. Hakumwaga tone.

“Shikamoo, Madamu,” alisema kabla sijafungua mdomo.

Mama mmoja Mkongomani aliyekuwa akiuza sabuni na vitenge meza ya pili alitutazama sote wawili, akasema, “Enda tu, dada, ongea na mama yako, mimi niko hapa.” Tukakaa kwenye kreti mbili nyuma ya magunia ya maharage. Mtoto alipanda mapajani kwake akaanza kuchezea kifungo cha koti langu. Nilimtazama yule mtoto. Niliuliza ana umri gani, akaniambia amezaliwa mwezi wa tatu, na wa mwaka gani. Mwalimu wa Baiolojia hahitaji karatasi kwa hesabu hiyo. Nilirudi nyuma kwa vidole miezi tisa, nikafika likizo ya mwezi wa sita.

Ndimu za Bibi zilinijia puani. Nakwambia nilizisikia kabisa, pale kati ya mawese na dagaa.

“Kwa hiyo wakati ule,” nilisema.

“Ego, Madamu.”

Alikuwa na miaka kumi na tisa wakati ule. Sikumuuliza baba wa mtoto, naye hakusema. Vipimo vya mimba shuleni vilifanyika mwanzo wa mwaka, na yeye hakuwa na kitu. Aliporudi kutoka likizo alijijua, akaogopa, na alipoanguka maabara akasikia bweni zima linasema jini.

“Nikaona afadhali jini,” alisema. “Jini watu wanakuonea huruma. Wanakuombea. Nikajisemea nikae na jini mpaka mtihani.”

“Na wengine wale walioanguka?”

“Wale waliogopa tu.”

Nilimwambia ambalo sikupaswa kumwambia, kwa sababu halimsaidii mtu sasa. Nilimwambia ruhusa ya wasichana waliojifungua kurudi shule ilikuwa imeshatoka. Mkuu wa shule alikuwa ameibandika ofisini, nyuma ya mlango uleule alioniachia wazi. Angeweza kufanya mtihani akiwa na tumbo. Angeweza kujifungua na kurudi. Kama ningejua, ningelala mlangoni kwa yule mama wa Bukoba mpaka akubali, na asingekataa.

“Sikujua,” nilisema. “Wallahi sikujua, mwanangu. Kwa nini hukuniambia?”

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, bila hasira hata chembe. Natamani ingekuwapo hasira.

“Nilikwambia, Madamu. Nilikwambia wewe wa kwanza, kabla ya mama yangu. Nilisema mafuta yako yananuka.” Alimpangusa mtoto pua. “Miaka yote nilikuwa nayapenda. Nilijua wewe utajua. Nilisema kunuka makusudi, maana ulinifundisha mwenyewe.”

Nilimweleza habari za mtahiniwa wa kujitegemea, fomu zinakopatikana, kwamba nitamfundisha jioni bila malipo, na yeye aliitikia kila sentensi kwa heshima, jinsi mtu anavyomwitikia mgonjwa. Mtoto akikua kidogo, alisema. Shangazi akipona mguu. Mkono wake, alisema, umesahau, mbegu ya maharage yenyewe sasa hawezi kuichora, na maharage yote haya anayaona kutwa.

Kisha akaniuliza kama yale mafuta bado ninayo.

“Sasa hayanisumbui,” alisema. “Siku nyingine nayakumbuka.”

Akaushika mkono wangu kabla sijamjibu, akaugeuza, akaweka pua pale kwenye mshipa, akavuta pumzi kama siku ile ya kidato cha kwanza. Mtoto naye akaleta pua yake, kwa kuiga. Nilingoja. Kulikuwa na ngozi tu, na sabuni ya mche.

“Siku hizi hunukii, Madamu,” alisema, na neno lilikuwa sahihi.